Afadhali Aitwe Mlevi

Kwenye karakana ya makochi walimwita Chupa, ingawa hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Alikuwa fundi hodari wa kuvalisha makochi vitambaa; kona zake zilikaa kama zimepigwa pasi. Ila baridi ikianza tu, alikosekana kazini, na akirudi macho mekundu, sauti imemkauka, wenzake walimpokea kwa vicheko.

"Chupa! Jana ulizidisha, eh?"

"Si mnajua tena," alijibu, akainamia sponji lake.

Kumbe ilikuwa kifua, au masikio, au homa. Alipokuwa na miaka sita aliugua saratani ya damu, akatibiwa mpaka akapona. Wakati ule mama yake aliwaambia majirani kwamba mtoto yuko kwa shangazi. Nywele zilizonyonyoka kwa dawa zilipoota upya, mama alimshika mabega: "Yameisha, mwanangu. Usimwambie mtu." Akakua akiamini kuugua kule ni aibu ya nyumba nzima. Hata mkewe hakumwambia. Yeye alijua tu kwamba ameolewa na mtu wa kifua kibovu.

Mwaka huo malengelenge yalimtoka mbavuni, upande mmoja, yakamzunguka kutoka mgongoni hadi tumboni. Mkanda wa jeshi, ugonjwa ambao watu wengi huuhusisha na Ukimwi. Alivaa shati zito kuyaficha, lakini mkewe aliyaona siku alipompelekea taulo bafuni. Hakupiga kelele. Alimsubiri ukingoni mwa kitanda.

"Niambie ukweli, baba watoto. Una virusi? Na mimi umeniambukiza?"

"Sina."

"Basi huu mkanda umetoka wapi? Na hizi homa zako?"

Jibu alikuwa nalo. Akatazama ukuta.

Baada ya wiki ya kununiana, walikwenda kupima. Majibu yalitoka safi kwa wote wawili, na mkewe akaangua kilio mbele ya daktari. Daktari alimwacha alie, kisha akamgeukia mume.

"Utotoni uliwahi kuugua ugonjwa mkubwa?"

"Hapana," alisema, haraka mno.

Daktari aliweka kalamu chini. "Nauliza ili nikutibu vizuri, kaka."

Hapo siri ikamtoka, kidogo kidogo, akiongea na viatu vyake. Daktari alimweleza kwamba dawa zilizoua saratani zilidhoofisha pia kinga yake. Wengine hurudi sawa, wengine hubaki na mapengo kwa miaka mingi, na hata chanjo za utotoni huweza kufutika mwilini. Angepimwa damu, angechanjwa upya, na akishikwa na homa aje siku hiyohiyo, asijifunike blanketi kusubiri ipite.

Nje, mkewe alisimama ghafla. "Wiki nzima nimewaza nani atanilelea wanangu. Wiki nzima! Na wewe unanitazama tu, umenyamaza."

Alitaka kusema mama ndiye aliyemkataza. Akaona haya kumtupia mama lawama, mtu mzima na ndevu zake.

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Si leo."

Aliporudi kazini alimweleza mwenye karakana. Mzee alimkodolea macho.

"Kwa hiyo zile pombe?"

"Sijawahi kunywa, mzee."

"Na mimi nakuombea kila siku uache! Mungu amenishangaa kweli."

Wakacheka wote wawili. Kisha mzee akakuna kichwa, maana jina la Chupa alilibuni yeye.

"Lakini kijana, kwa nini ulikubali kuitwa hivyo?"

"Mlevi anachekwa, mzee. Mgonjwa anaonewa huruma. Sikuiweza huruma."

Siku ya chanjo mkewe alifuatana naye, akaketi akiacha kiti kimoja kitupu katikati yao. Mbele ya foleni ya kina mama na vichanga vyao, nesi aliuliza mtu mzima kama yeye amefuata nini. Alijibu kwa sauti ya chini mno, nesi akamwomba arudie.

"Niliugua saratani nikiwa mtoto," alirudia, jasho likimtoka. Mkewe alikuwa akitazama dirishani. Mumewe akakunja mkono wa shati lake.