Moja Yetu au Moja Yao

Wiki nzima usingizi ulinipaa kwa swali moja: kwa nini mpigaji wetu wa besiboli acheze mchana mara nyingi kuliko wenzake wote, tena Texas, katika kiangazi ambacho hata mbwa hatoki kivulini?

Sasa nimestaafu, na nyinyi mnaoingia kazi ya takwimu mna kompyuta zinazojijazia. Miaka ya tisini, siku yangu ya kwanza katika ofisi ndogo ya Dallas, nilikabidhiwa redio, daftari na penseli. Nilisikiliza mechi za besiboli nikiandika mchezo umeanza saa ngapi, mpigaji amesimama mbele ya mrushaji mara ngapi, na amepata mapigo mangapi. Gawanya mapigo kwa mara alizosimama, unapata wastani wake. Akipewa bure kituo cha kwanza cha kukimbilia kwa sababu mrushaji amerusha vibaya, hiyo haihesabiwi. Jambo hilo pekee lilinisumbua mwezi mzima.

Mkuu wa Takwimu, mtu mrefu asiyecheka, aliniambia siku ile, "Wastani peke yake ni bubu, kijana. Mweke mtu kando ya wenzake ndipo useme." Wenzake ni wa rika lake, wa nafasi yake uwanjani, wa miaka ileile.

Baadaye nilihamishiwa Houston kumfuatilia mpigaji mmoja aliyeanza kuzeeka kimchezo. Timu yake ilitaka kujua kama imwongezee mkataba. Takwimu za wenzake zilitoka vitabuni. Zake zilitoka kwenye daftari langu, zikachapwa na karani Dallas. Jedwali likasema kwa jumla analingana nao, ila usiku, chini ya taa, hajiwezi. Na mechi nyingi ni za usiku. Mkuu akaandika: aachwe.

Lakini jedwali hilohilo lilimpa mechi tele za mchana. Nilirudia kujumlisha, nikarudia kugawanya. Sikumuuliza mtu. Kibali changu cha kazi kilitegemea ofisi ile, na mwenye kibali cha namna hiyo huogopa hata kukohoa.

Nilikuwa nimepanga chumba Sugar Land, nje kidogo ya Houston, kwa Bi Zuhura, muuguzi wa Kizanzibari. Asubuhi ya siku ambayo timu ingekabidhiwa ripoti, aliniuliza akimimina chai:

"Mpira wenu leo saa ngapi, nijue kukuwekea chakula?"

"Saa moja."

"Moja yetu au moja yao? Juzi nimepakua mchana, wewe umerudi usiku, wali umekuwa kokoto."

"Yetu, Bi Zuhura."

"Basi sema yetu. Umesoma mpaka chuo kikuu, saa ndiyo ikushinde?"

Nikaweka kikombe chini, nikakimbilia daftari. Mechi za saa moja usiku nimeziandika 1. Karani kasoma saa yao, mchana wa jua kali. Za mchana, saa saba yetu, nimeziandika 7. Karani kasoma jioni. Usiku na mchana vilibadilishana viti. Mtu wetu alikuwa hodari wa taa. Kilichomlegeza ni jua.

Nikamweleza Bi Zuhura. Nikasema labda nimpigie Mkuu simu, labda nimwandikie barua kwanza, labda karani ataligundua mwenyewe.

"Na huyo mchezaji naye asubiri labda zako?" Akachukua funguo. "Nita-drive mimi. Wewe shika daftari."

Mkuu alikuwa amekwisha kufika Houston kuikabidhi timu ripoti, bahasha yake iko mezani. Nikalifungua daftari juu ya bahasha hiyo.

"Saa hizi ni za kwetu," nikasema. "Nimekosea zote."

Alisoma kurasa mbili.

"Kwenu siku inaanza lini?"

"Jua likichomoza. Saa moja baadaye ndiyo saa moja."

"Hm. Kwetu inaanza watu wamelala." Akaichana bahasha, akanisogezea kiti na kalamu nyekundu. "Anzia mechi ya kwanza."

Nikaketi, na kando ya ile 1 ya juu kabisa nikaandika: usiku.