Mzamiaji Aliyezingirwa na Ndovu

Mahir Othman hakuwa mtu wa msituni. Alizaliwa kisiwani Wasini, akakulia majini, na kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kuzamia kamba mawe. Alizamia kwa pumzi yake mwenyewe, bila mtungi mgongoni, akiwa na miwani ya maji na ndoana ya chuma mkononi. Siku moja alimfuata kamba mmoja mkubwa aliyejificha pangoni, akashuka chini kuliko alivyozoea, na huko chini akasikia kichwani mwake mlio kama wa kitambaa kinachochanwa. Alipoibuka, damu ilikuwa inamchuruzika sikio la kushoto. Daktari aliyemtazama hakumzungusha. Alimwambia asizamie tena, na kwamba sikio lile lisingesikia tena.

Ndipo alipoipata kazi ya Shimba. Mama mmoja wa Nairobi, jina lake Gillian, alikuwa amejenga banda la wageni ndani kabisa ya msitu, bondeni, mwendo wa saa nzima kwa gari kutoka barabara kuu. Banda lenyewe lilikuwa la mbao, limeinuliwa juu ya nguzo, lina vyumba viwili vya wageni, baraza, jiko nyuma, na vyumba viwili vidogo vya wafanyakazi kando ya jiko. Choo kilikuwa nje, hatua ishirini. Gillian alitaka mtu mwaminifu wa kulitunza, na Mahir alitaka kazi yoyote isiyokuwa ya kuomba, maana bintiye Nusra alikuwa ndio kwanza ameingia chuo cha ualimu.

Wageni walilipenda banda lile. Walikaa barazani na darubini zao wakiwatazama mbega wakirukia matawi, wakasema hawajapata kuona mahali penye utulivu kama pale. Mahir aliwaitikia kwa adabu, akawaletea chai. Lakini yeye msitu ulikuwa ukimbana kifua. Miti ilikuwa imefungana mpaka mbingu ikawa kipande kidogo kama sahani. Hakujua upepo unatoka wapi. Na kwa sikio moja hakuweza kutambua sauti inatokea upande gani: ndege hondohondo akilia kushoto kwake, yeye hugeuka kulia. Tena ilikuwa marufuku kuvuka ukingo wa uwanja bila askari wa wanyama. Kwa hiyo dunia yake yote, mtu aliyekuwa na bahari nzima, ikawa uwanja wa hatua sabini kwa wiki nne mfululizo, halafu wiki moja ya kwenda nyumbani, kisha tena.

Mwenzake pale alikuwa mpishi, mwanamke wa Kinango aitwaye Dama, mtu mzima mwenye maneno machache. Yeye alimwita Mahir Baba Nusra, naye Mahir akamwita Mama Kache, kwa jina la kifungua mimba wake. Dama aliwajua ndovu, na hakuwapenda. Walikwishaingia shambani kwake mara mbili, na mara ya pili hawakuacha hata shina moja la muhogo.

Mambo yenyewe yalitokea mwezi wa Mei, mvua zilipopamba moto. Wageni hawakuwapo. Gillian alikuwa ameagiza lichimbwe tangi la chini ya ardhi nyuma ya jiko, na mafundi walikuwa wamelichimba, wakalipiga saruji sakafu na kuta, wakaondoka kabla ya kulifunika. Lilikuwa shimo la urefu wa mtu aliyelala na nusu yake, na kina chake kilimpita mtu mrefu. Jumatatu mto uliokata njia ya gari ulifurika ukalichukua daraja lake la magogo. Wawili wale wakabaki peke yao, na chakula tele, na njia hakuna.

Alhamisi asubuhi Mahir alikuwa jikoni akinywa uji, akahisi sakafu inatetemeka chini ya nyayo zake.

"Mama Kache, hiyo ni radi?"

Dama alikuwa amekwishasimama dirishani. "Radi gani inayotikisa vikombe? Funga mlango, Baba Nusra. Polepole, usiubamize."

Walikuwa saba. Sita wakubwa walikuwa wamesimama kando ya shimo wakipepea masikio, na wa saba hakuonekana, alisikika tu, maana alikuwa ndani ya shimo akilia kwa sauti nyembamba. Alikuwa mtoto ambaye bado hajatimiza mwaka. Mamake alipiga magoti ukingoni, akamshika kwa mkonga na kumvuta, lakini saruji ilikuwa laini na imelowa, na kila alipopandishwa kidogo aliteleza akarudi chini. Ukingo wenyewe ukaanza kumeguka kwa uzito wa mama, akalazimika kurudi nyuma.

Mahir alimpigia simu Ngala, askari wa wanyama wa upande ule.

"Shikamoo, mzee Mahir."

"Marahaba. Ngala mwanangu, tumezingirwa huku. Mtoto wa ndovu ametumbukia kwenye shimo la tangi, na wenyewe wamelizunguka banda."

"Daraja limekwenda, mzee, na gari letu limenasa kwenye matope tangu jana. Tukipata trekta, labda kesho adhuhuri. Tafadhali msitoke nje hata kidogo. Mama aliyepoteza mtoto hana mswalie Mtume."

"Na mtoto je?"

"Mwachieni Mungu."

Wakafungiwa. Siku ile ilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kuziona Mahir. Ndovu mmoja alikiegemea choo cha nje, kikalala chini kama sanduku la karatasi. Kwa hiyo ilibidi itumike ndoo, kwenye kona, nyuma ya shuka iliyotundikwa, na Mahir, ambaye hakuwahi kukaa chumba kimoja na mwanamke asiyekuwa maharimu wake, aliona haya mpaka akawa hawezi kumtazama Dama usoni. Dama akamwambia, "Sote tuna matumbo, Baba Nusra. Acha kujitesa." Lakini haya haikumtoka.

Aliposali adhuhuri, alipoweka paji la uso juu ya mbao, aliwasikia ndovu kwa njia ya sakafu: mngurumo wa chini sana, usiopita masikioni bali mifupani. Aliwahi kuhisi kitu kama kile mara moja tu maishani, nyangumi alipopita karibu yake chini ya maji. Akamaliza rakaa zake akakaa pale pale kwenye mkeka, asijue ainuke aende wapi. Dirisha hili ndovu, dirisha lile ndovu, na nyuma yao miti. Akafikiri kuwa hata kama ndovu wangeondoka saa ile, yeye angebaki vile vile alivyo. Fikra hiyo ilimtisha kuliko wanyama wenyewe.

Usiku walilala kwa zamu, na mvua haikukatika.

Ijumaa kulipokucha, sauti ya mtoto ilikuwa imefifia. Mahir alichungulia dirisha la jikoni. Maji ya mvua yalikuwa yamejaa shimoni mpaka tumboni mwa mtoto yule, naye alikuwa akitetemeka, miguu ikimteleza. Mara alianguka upande mmoja, kwenye pembe yenye kina zaidi, na Mahir akaona jambo ambalo mtu mwingine huenda asingelitilia maanani: makalio ya mnyama yule yaliinuka yenyewe. Mkonga ukatoka juu ya maji ukavuta pumzi, kama mrija wa mzamiaji.

"Anaelea," Mahir alisema.

"Anakufa," Dama alimjibu.

"Hapana, Mama Kache, tazama vizuri. Anaelea. Tangi zetu mbili za juu zimejaa pomoni, na bomba la kuja shimoni mafundi walikwishalilaza. Tukifungua koki, maji yatampandisha mpaka ukingoni."

Dama alimgeukia kama anayemwangalia mtu mwenye homa. "Maji ndiyo yanayomwua, nawe unataka kumwongezea?"

"Maji machache ndiyo yanayomwua. Yanampoza wala hayamwinui. Mimi nimeishi ndani ya maji, wallahi ninajua ninachokisema."

"Na koki iko wapi?"

Mahir alimwelekeza kwa kidole nje. Koki ilikuwa chini ya mnara wa tangi, hatua kumi na moja kutoka ngazi ya nyuma. Na ndovu wawili walikuwa upande wa kushoto wa mnara, upande wake wa uziwi.

Dama aliitazama mvua, akalitazama shimo. Kisha akaenda mwenyewe kufungua kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa barazani, akarudi nayo imeviringwa mkononi.

"Husikii," akasema. "Basi nitakuwa sikio lako. Zamani mlipokuwa mkizamia, aliyebaki chomboni alikuwa akikuambieni vipi?"

"Kwa kamba. Mvuto mmoja, simama. Miwili, rudi."

Akamfunga kiunoni. Akachota jivu mekoni, akalipeperusha mlangoni kidogo, akaona linarudi ndani. "Upepo unakuja kwetu. Hawatakunusa. Nenda."

Mahir alishuka ngazi akiinama. Matope yalikuwa ya baridi. Upande wake wa kushoto palikuwa na ukimya mtupu, kama ukuta, na alijikataza kugeuza kichwa. Hatua ya sita, ya saba. Alifika, akaishika koki. Ilikuwa imeshika kutu. Akaizungusha kwa mikono miwili, ikakubali nusu. Kamba ikavutwa mara moja. Akasimama tuli, kichwa chini, akiyaona maji ya mvua yakimdondoka puani. Alikuwa akibana pumzi bila ya kujua. Kamba ikavutwa tena, mara mbili, kwa nguvu.

Lakini koki ilikuwa nusu, na nusu isingetosha. Mahir akaizungusha tena, mpaka mwisho, ndipo akageuka. Ndovu jike mmoja kijana alikuwa amekwishamkabili, masikio yametanda. Mahir hakukimbia hatua tatu za kwanza. Zilizobaki hakumbuki alizipitaje. Anachokumbuka ni mikono ya Dama ikimvuta shati, na tope zito lililorushwa na ndovu likiupiga mlango nyuma yao. Ndovu alisimama chini ya ngazi, akapiga ukelele ambao hata sikio bovu liliuhisi, kisha akarudi kwa wenziwe.

"Nilivuta mara mbili!" Dama alimfokea. "Mbili, wewe! Ningemwambia nini mkeo?"

"Nisamehe, Mama Kache."

Wakaenda dirishani. Maji yalikuwa yakitiririka shimoni kwa kishindo. Kwa muda mambo yalikuwa mabaya. Mtoto alipoteza kabisa mahali pa kukanyaga, akazama, ikabaki ncha ya mkonga tu, na mamake akalia kwa namna ambayo Dama alijifunika uso kwa leso. Mahir aliikazia macho ncha ile ya mkonga. Ikiwa amekosea, basi amemzamisha kwa mkono wake mwenyewe. Aliyahesabu maji kama alivyokuwa akiihesabu pumzi yake zamani.

Kisha kichwa kikatokea. Halafu mgongo. Mtoto alikuwa akipiga miguu huku akipanda pamoja na maji, taratibu, robo saa baada ya robo saa, mpaka tangi zote mbili zilipokaribia kwisha na kidevu chake kikawa karibu sawa na ukingo. Mamake akapiga magoti, akamzungushia mkonga chini ya miguu ya mbele, na jike jingine akamshika sikioni. Wakamvuta. Akatoka, akaanguka juu ya majani, akalala, akajaribu kusimama, akaanguka tena, akasimama.

Dama aliketi sakafuni. Machozi yalikuwa yakimtoka, naye ameudhika nayo. "Sasa mimi ninawalilia hawa? Hawa walionimalizia mihogo yangu?"

Mahir alisema alhamdulillahi mara tatu, na akakuta hawezi kuzikunjua ngumi zake.

Ndovu hawakuondoka saa ile kama mtu angedhani. Walibaki uwanjani mpaka alasiri, mtoto akinyonya na kulala, na wale watu wawili wakazidi kukaa ndani wakinong'ona. Ngala na wenzake walifika Jumamosi kwa miguu, wamelowa mpaka mabegani, wakawakuta wamepanga masufuria chini ya mapaa wakikinga maji ya kunywa, maana tangini halikubaki hata tone.

Gillian alipokuja baadaye na kusikia habari hizo alimkumbatia Dama, akampa Mahir mkono, akaamuru shimo lifunikwe siku hiyo hiyo. Akaanza kuwahadithia wageni. Wageni nao wakawa wanamwita Mahir barazani awasimulie yeye mwenyewe, naye huwasimulia kwa maneno machache, akimalizia kwa kusema kuwa Mama Kache ndiye aliyeishika kamba.

Ilipofika wiki yake ya mapumziko alikwenda Wasini. Mkewe Mishi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Sasa si urudi tu nyumbani, Mahir?"

"Nirudi nifanye nini?"

Mishi akamwongezea mchuzi wa samaki.

Wiki ile Mahir aliketi kila siku ukingoni mwa maji akiitazama bahari mpaka upeo wa macho, asitie hata kichwa ndani. Siku ya nane alivuka kwa mashua mpaka bandari ya Shimoni na mfuko wake, akapanda gari mpaka Kwale, na kutoka hapo akachukuliwa na gari la banda. Daraja jipya lilikuwa limekwisha, la chuma safari hii. Mwanzoni mwa msitu Ngala alimfungulia lango, wakaamkiana, akapita, na lango likafungwa nyuma yake.