Saa ya Baba Mkononi Mwangu

Mama alikuwa anaingoja saa ya mkononi ambayo ilikuwa bado haijatoka. Kila asubuhi kabla ya kwenda shifti alikaa mezani, koti la baridi limeshafungwa hadi kidevuni, akisoma uvumi kwenye simu: eti toleo lijalo litapima presha bila kukufunga mkono kwa kile kitambaa kinachojaa upepo, eti litajua kama umelala kweli au umefumba macho tu. Alisoma kwa sauti ili baba asikie. Baba alikuwa anatafuta funguo za gari, na kila lilipotajwa neno "presha" alizitafuta kwa bidii zaidi.

Sababu tulikuwa tunaijua sote. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, alianguka huko Moshi akiwa mezani, kijiko kikiwa mkononi. Mtu ambaye hakuwahi kulazwa hata siku moja. Ilikuwa presha, na hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe. Mazishi tuliyatazama kwa simu, picha inaganda, inarudi, inaganda. Mama ni muuguzi, anapima presha za watu wa Minnesota kutwa nzima, na ya kaka yake hakuwahi kuipima. Tangu siku ile akawa anamtazama baba kama watu wa forodha wanavyotazama begi lililofungwa kwa kamba. Baba anapenda chumvi, anakaa mbele ya kompyuta kuanzia asubuhi hadi jioni, na daktari hamtaki. "Ukienda hospitali huna ugonjwa, watakutafutia," ndivyo anavyosema.

Basi Krismasi mama akamnunulia saa janja, ile iliyokuwepo madukani wakati huo, akaiunganisha na simu ya baba, na ya baba na ya kwake, ili aone mapigo ya moyo na mwendo wa baba.

"Haitaniambia uko wapi," alimwambia. "Itaniambia uko mzima. Ile mpya ikitoka tutabadilisha."

"Sasa mimi ni mume au ni mzigo wa posta?" baba aliuliza, lakini akaivaa.

Haya nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu mdogo wangu anakisikia lakini kukisoma hawezi, na ana tabia ya kupekua.

Januari, tulipofungua shule, baba alinikuta kwenye gereji navaa viatu vya theluji. Akavua saa akaniwekea kiganjani.

"Mama, hebu nivalie hii leo." Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake mzazi.

"Kwa nini?"

"Inaniwasha."

Nikamtazama kifundo cha mkono. Ngozi ilikuwa safi, hakuna kipele, hakuna wekundu. Ila mimi ni mtu wa swali moja. La pili huwa linanikwama kooni, hata nyumbani kwetu. Akanipa namba ya kuifungua, nikaivaa, nikashusha mkono wa sweta juu yake.

Ikawa hivyo kila siku ya shule. Jioni nilimrudishia kabla mama hajaingia, na saa ikiwa karibu na simu ya baba inamwaga kila ilichokiona mchana, kisha mama anakisoma kwake. Alichokisoma ni mimi: mimi nikitoka darasa moja kwenda jingine, mimi nikipanda ngazi, mimi kwenye kipindi cha michezo.

Mama alifurahi hadi nikaona aibu. Ofisi ya baba iko katikati ya jiji, ambako majengo yameunganishwa kwa njia za juu zenye vioo, mtu anaweza kutembea mchana kutwa wakati wa baridi asikanyage theluji. Mama alikuwa amemwagiza atembee humo saa ya chakula.

"Watoto, mnamwona baba yenu? Anatembea kweli!"

"Ni kujituma tu," baba alisema, akajikuna shingo.

Mama akampigia bibi, mama yake, huko Moshi kumwambia moyo wa mkwe wake umekuwa kama wa kijana. Bibi akapiga vigelegele kwenye spika.

Hapo ndipo nilipoanza kumshuku baba. Kumbe alikuwa akitoka chumba cha chini anasimama katikati ya ngazi na kujifanya anasoma kile kidude cha kupimia joto la nyumba. Anakisoma muda mrefu. Nyumba yetu ya Apple Valley haina joto la kusomwa hivyo. Nikaanza kumfuata kimyakimya, na nadhani na yeye akaanza kunishuku mimi, maana alikuwa akinikuta nyuma yake anaruka. "Unatembea kama paka, mama." Nilikuwa namsikiliza anavyohema.

Jumapili moja, baada ya ibada ya Kiswahili, watu wakashuka chini ya kanisa kunywa chai, na mama akawaonyesha uvumi mpya kuhusu saa. Ikawa kila mtu ana oda yake.

"Mimi waniletee ya kupima sukari bila kunitoboa," alisema mama mmoja wa kwaya. "Vidole vyangu vimekuwa kama chekeche."

"Mimi nataka isiyoniambia nisimame ninyooshe miguu wakati naendesha gari," akasema mzee mmoja anayeendesha basi la shule.

"Na chaji ikae wiki," akadakia mwingine. "Hii yangu inakufa kabla yangu."

"Ndiyo afadhali," yule mama wa kwaya akamjibu, watu wakacheka.

Baba akasema yeye anataka saa inayotaja saa, basi, na kufunga mdomo. "Hivi mnajua hizo habari za mioyo yenu zinakwenda wapi? Kesho bima inakupandishia bei, hujui nani kasema."

"Mwenye moyo safi haogopi kusomwa," mama akasema.

"Shemeji, hiyo inayokuja itavunja ndoa za watu," mzee wa basi akasema. "Nimesoma itakuwa inamtambua mwenyewe kwa mapigo yake. Ukimvisha mtu mwingine inakataa."

Yule mama wa kwaya akanigeukia. "Na wewe mrembo, unataka ifanye nini?" Nikatazama chai. Mama akanijibia kwamba mimi sina maneno, hiyo ndiyo hali yangu tangu utoto. Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nataka isimjue mtu.

Kesho yake asubuhi, kwenye gereji, nilijikaza nikatoa lile swali la pili. "Baba, hiyo inayokuja inamjua aliyeivaa."

"Uvumi. Kila mwaka wanasema."

"Na kama ni kweli?"

"Tutasema imeharibika." Akanivisha saa mwenyewe, akaibana kuliko kawaida.

Machi, Jumamosi moja mchana, tulikuwa tunakwenda Hopkins kumwona rafiki wa mama aliyejifungua. Mama alikuwa anaendesha, baba kando yake, mimi nyuma nimepakata sufuria ya mtori, supu ya ndizi ya mzazi, iliyofungwa taulo, magoti yanaungua. Mdogo wangu alibaki kwa rafiki yake. Tulipoingia barabara kuu mama akamwita baba kwa jina lake la ubatizo, ambalo kwetu hutumika kukiwa na jambo.

"Siku za Jumanne, kabla ya chakula cha mchana, huwa uko wapi?"

"Kazini."

"Na Alhamisi?"

"Kazini. Kwani vipi, haya ni mahojiano ya viza?"

"Umekaa au umesimama?"

"Nimekaa. Tunakuwa na kikao."

"Kikao na nani?"

"Na watu."

Mama akawasha taa ya kupinda, akapinda, akaizima. "Maana saa inasema hutembei, hupandi ngazi, umetulia mahali pamoja, lakini moyo unakimbia kama mwizi anayefukuzwa. Jumanne na Alhamisi. Siku nyingine muda huo huo umetulia kama maji ya mtungi. Nimesubiri nione kama utaacha. Hujaacha."

"Itakuwa imeharibika."

"Ninyi watu wa kompyuta, vitu vyenu vinaharibika kwa ratiba?"

Nikaikumbatia sufuria kwa mikono miwili. Jumanne na Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana, nina somo la kuongea mbele ya watu. Ni la lazima. Mwalimu anaita jina, unasimama, unaeleza jambo lolote, darasa zima linakutazama mdomo.

"Wasiwasi ndiyo akili," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ile anayotumia kwa wagonjwa wakorofi, laini mno. "Kama huko kwenye njia zenu za vioo kuna mtu, niambie sasa. Sitaki kwenda kushika kichanga cha mwenzangu nikiwa na hasira mikononi."

Baba akageukia dirisha. Nilimsubiri. Sentensi moja ilitosha, na mwenye sentensi hiyo alikuwa yeye. Tukapita mataa, tukapita mataa mengine, na baba bado anatazama nje. Ndipo nikaelewa kwamba yuko radhi aonekane mzinzi kuliko kupimwa.

"Ni wangu," nikasema.

Mama hakusikia. Watu huwa hawanisikii mara ya kwanza.

"Huo moyo. Ni wangu mimi."

Mama akaingiza gari kwenye kituo cha mafuta, akasimama kando ya lundo la theluji nyeusi. Hakuzima injini. "Rudia."

"Baba hunipa saa asubuhi. Naivaa shule. Jumanne na Alhamisi tunasimama mbele."

"Mbele ya nini?"

"Ya watu."

"Kufanya nini?"

"Kuongea."

"Yaani kuongea tu ndiko kunakufanya hivyo?"

"Hata kabla. Unaanza nikiwa bado nimekaa."

Alinitazama kwenye kioo cha gari, akanitazama sana, nikajua kuna maswali yangu yamewekwa akiba. Kisha akamgeukia baba.

"Kwa hiyo tangu Januari namshukuru Mungu kwa moyo wa mtoto. Nimempigia mama yangu simu. Na wa kwako uko wapi?"

Baba akafuta ukungu kwenye dirisha.

"Nakuuliza wewe. Wa kwako nani anaujua?"

Tukafika Hopkins. Rafiki wa mama anakaa ghorofa ya tatu kwenye majengo ya zamani, hayana lifti, na baba alifika juu mwisho, akisema anafunga kamba za viatu. Mwenyeji wetu alikuwa kwenye kochi na mtoto, na juu ya meza, kati ya nepi na chupa ya uji, kulikuwa na mashine ya presha. Yake ilikuwa imepanda baada ya kujifungua, akaambiwa ajipime nyumbani. Mama alisalimia, akanawa mikono, akambusu mtoto kichwani, halafu akasema, "Dada, niazime mashine yako."

"Ujipime? Una nini?"

"Si mimi. Baba watoto, kunja mkono wa shati."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Hapa."

Baba akakaa kwenye kiti cha plastiki. Kitambaa kikajaa upepo, kikaanza kupumua kidogo kidogo. Mama ana sura moja ya kazini isiyosema kitu, nimeiona akirudi na sare. Akaivaa. Akapima mkono wa pili.

"Ni kahawa," baba alisema.

"Shemeji, hata mimi nilisema kahawa," mwenyeji akamjibu. "Nikaambiwa ningekufa nimembeba huyu."

Mama akakunja mashine, akasema tunaondoka. Mtori uliachwa juu ya jiko na taulo lake.

Kwenye kituo cha wagonjwa wa haraka, wakati mama anaongea na mapokezi, nilikaa na baba chini ya televisheni isiyo na sauti. Aliongea bila kunitazama. Kabla ya Krismasi alijipima kwenye ile mashine ya bure ya duka la dawa, akaona namba, akaondoka haraka kama mtu aliyevunja kitu cha dukani. Hakumwambia mtu. Mama alipoleta saa, na kila siku anasoma kwamba inayokuja itapima presha, baba akapiga hesabu za watu wa kompyuta: saa ijazwe habari nzuri miezi mingi, ili ile mpya ikija ikasema vibaya, ionekane yenye makosa ni yenyewe.

"Ungeona tu moyo mzuri, mzuri, mzuri, halafu ghafla kitu kibaya. Nani angeamini?"

"Mama," nikasema.

Akafikiri kidogo. "Ndiyo. Mama yako angeamini."

Nilimkasirikia. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa nahesabu anavyohema kwenye ngazi, kwamba nilikuwa naogopa kulala kabla yake. Badala yake nilimshika mkono wa sweta. Akaniuliza kama kusimama mbele ya darasa ni kugumu hivyo. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Pole, mama, na mimi nikakubebesha mzigo wangu juu yake." Wakaita jina lake, mama akaingia naye, hakumwachia nafasi ya kwenda peke yake.

Alitoka na vidonge na onyo la chumvi. Daktari alisema wamewahi, na mama akamwomba alirudie neno hilo akiwa anamtazama baba.

Sasa saa anaivaa mwenyewe, na mama anaisoma, lakini haiamini. Uvumi wa toleo jipya bado anaufuata, na juzi kasema hata hilo likitoka atalipima kwanza kwa mashine ya kitambaa ndipo alisikilize. Na mimi hunishika kifundo cha mkono Jumanne asubuhi, vidole viwili juu ya mshipa, macho kwenye saa ya ukutani, kisha ananiachia nikapande basi.

Vidonge baba anameza mezani, mbele yetu. Siku ya kwanza alimeza, akanywa maji, akanyanyuka.

"Kaa," mama akasema. "Fungua mdomo."

"Mama watoto, mimi si mgonjwa wako wa wodini."

"Wodini wanaficha chini ya ulimi. Fungua."

Akafungua.

"Inua ulimi."

Mdogo wangu akaacha kula. Baba alinitazama mimi, kama vile nina la kumsaidia, nikatazama uji wangu. Akainua ulimi. Mama akainama, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akawasha tochi ya simu, akaangalia tena.