Mtafiti aliyemhukumu baba yangu kabla ya kumhoji, Nyamisati

Wakuu, salaam zenu. Naandika nilichokiona kwa macho yangu, chumvi sijatia.

Ni miaka ile soko huria linaingia, matajiri wa Dar wakaanza kufuata kamba kijijini kwetu Nyamisati, kule mto unakoingia baharini. Kamba wa kuliwa, sio ya kufungia mbuzi.

Mzee wangu alikuwa mnunuzi wa hao kamba. Mmatumbi, mtu wa milimani. Mgeni, halafu mambo yake yananyooka. Watu mnawajua.

Asubuhi moja samaki wakaelea mtoni wamekufa. Kufika jioni kijiji kizima kina jibu: yule Mmatumbi anatia sumu mtoni ili aokote kamba bila kununua.

Wakaletwa watafiti wawili wa uvuvi, Bwana Joachim na msaidizi wake, dada Ester. Ripoti yao ndiyo ingeamua mzee abaki au afukuzwe.

Joachim akafikia kwa jirani aliyeanzisha maneno yale. Hapo hapo nikaingiwa na shaka.

Swali lake kwa watu: "Mlimwona lini akimwaga sumu?"

Sio kama walimwona. Lini.

Mzee akinyamaza, anaficha. Akijieleza, amejiandaa. Wakapekua nyumba, sumu hakuna. Joachim akasema, "Ameshaitupa. Mjanja huyu."

Nikamuuliza mama, "Sasa baba afanye nini waamini?" Alikuwa anafunga mizigo.

Dada Ester ndiye aliyesema, kwa upole, "Bosi, kama ni yeye, kule asikofika samaki watakuwa wazima. Twende tukaone."

"Tutapoteza muda."

"Tukikuta wamekufa je?"

Nilikuwa kijana mkubwa, nikapiga kasia mwenyewe. Tukaenda mto mwingine usioungana na wetu, watu wake hata jina la mzee hawalijui.

Samaki walikuwa wameelea vilevile.

Tuliporudi Joachim akaanza kuhoji upya: "Uliona nini wewe mwenyewe?" Wengi hawakuona kitu. Walisikia.

Mzee akabaki. Kilichoua samaki hakikujulikana, na ripoti ikasema hivyo. Wapo walioapa kwamba watafiti wamehongwa.

Chuoni baadaye nikaambiwa hii kitu inaitwa confirmation bias, yaani kuona tu kinachokubaliana na ulichokwisha kuamini. Nilichojifunza: ukishaamini jambo, katafute kwanza kitakachokukatalia.

Na mimi ni mtoto wake, kwa hiyo nishukuni pia. Mnaoona mzee alikuwa na hatia, tieni neno ninyi kwanza.