Samaki Walioota Miguu

Hasira hii sijaimaliza, na sina haraka ya kuimaliza.

Mama yangu alikuja kukaa nasi mjini, Igogo, miguu ilipoanza kumsumbua. Alitoka kijijini, mbele ya Usagara, ambako kuni ziliisha zamani na watu wanapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Moshi wake ni mkali. Ukiinamia moto huo tangu usichana mpaka uzeeni, macho yanakuwa mekundu na hayarudi tena. Kila aliyekulia huku kwetu anajua hivyo. Anajua pia bibi vizee wenye macho hayo wanasingiziwa nini, na wangapi wamekufa kwa kusingiziwa.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa na vyumba vinavyotazamana, ua mmoja na bomba moja. Mvua zilipoanza, binti yangu, wakati huo yuko darasa la tano, alichota viluwiluwi kwenye dimbwi la nyuma ya shule akavileta nyumbani ndani ya chupa ya maji. Mwalimu wao alikuwa amewachorea ubaoni jinsi chura anavyokua, naye akataka kuona kwa macho yake. Akaviweka kwenye beseni bovu la kufulia, akawa anavilisha mchicha uliochemshwa. Kuku wa jirani walipoanza kuvidonoa, akamwomba bibi yake avilinde wakati yeye yuko shuleni. Mama akahamishia kigoda chake kando ya beseni. Alifurahi kupata kazi.

Sasa sisi watu wa ziwani, kila chenye mkia kinachoogelea kwetu ni samaki. Wapangaji wenzangu walichungulia, wakaona vichwa vinene vyeusi na mikia, wakakubaliana kwamba ni vitoto vya kambale. Aliyethibitisha ni mama wa chumba cha mbele, muuza dagaa, mtu aliyeshika samaki tangu hajaota meno ya pili. Binti yangu akawaambia ni vyura. Wakamcheka.

"Bibi, wakikua utatukaangia?" walimtania mama kila walipokuja kuchota maji, na mama akawajibu kwamba atawakaangia, walete mafuta tu. Mimi mwenyewe nilicheka. Kazi yangu ni kukaanga samaki kwa moto wa kuni mwaloni, mitumbwi inakoshusha, na nikirudi jioni sina nguvu ya kubishana na mtu juu ya kambale.

Miguu ya nyuma ikatoka, myembamba kama uzi. Hakuna aliyeiona isipokuwa binti yangu, kwa sababu wenzetu walikuwa wameshachoka kuchungulia. Ya mbele ilipotoka, akaokota jiwe ufukweni akaliweka katikati ya beseni. Alinieleza kwamba sasa wanaanza kuvuta hewa kama sisi, wakikosa pa kupanda watafia kwenye maji yaleyale walimozaliwa. Jambo hilo lilimshangaza sana, akalirudia muda wote wa chakula.

Asubuhi moja baada ya mvua kubwa tuliamka vyura wadogo wametapakaa ua mzima. Waliingia vyumbani, wakaingia kwenye viatu. Muuza dagaa akatoka na pakiti ya chumvi, akaanza kuwamwagia, maana ndivyo anavyofanyiwa chura anayedhaniwa katumwa na mchawi. Wakajikunja, wakafa mbele ya mtoto wangu.

"Hawa niliwaona wakiwa samaki," muuza dagaa alisema. "Nimewaona na mikia yao. Nani kawageuza?"

Hakutaja mtu. Aligeuka tu akatazama kigoda, na wengine wote wakatazama alikotazama. Mama alikuwa amekaa palepale pake, hajui hata kinachoendelea.

"Na lile jiwe ni la nini?" mwingine akauliza.

Binti yangu akamkamata mmoja aliyekuwa bado na kipande cha mkia, akamweka kiganjani, akawapelekea. "Angalieni, mkia haujaisha. Unaisha wenyewe." Muuza dagaa alirudi nyuma, akamvuta mwanawe kwa shati.

Hapo ndipo nilipochukia, na nilisema maneno ambayo siyajutii. Beseni lilikuwa uani, wazi, kila mtu alilipita asubuhi na jioni. Mtoto wa darasa la tano aliwaambia ukweli wakamcheka, na walipoona wamekosea, ikawa rahisi zaidi kumwita bibi mchawi kuliko kusema hatukujua. Nasema huo ni uvivu, na ni uvivu unaoua watu.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwamkia mama. Alikuwa anaketi kwenye kigoda chake, watu wanapita na ndoo, wala hakuna shikamoo. Yeye aliendelea kuitikia marahaba kwa sauti ndogo, kwa mazoea, mpaka akaacha.

Kisha baba mwenye nyumba akaja. "Dada, mimi sina neno na bibi," aliniambia. "Ila watu wanaongea. Mrudishe kijijini, kwa usalama wake."

Kwa usalama wake. Bibi mwenye macho mekundu, arudi kijijini na maneno hayo yakimfuata nyuma. Nilimwambia tutahama wote.

Mama alikunja kanga zake bila kulalamika. Alisema kitu kimoja tu, na alikisema kama anayekumbuka habari ya mtu mwingine: "Siku ya posa yangu, macho haya ndiyo waliyoyasifia."

Tulipata chumba upande wa Bujora, mbali na mwalo, na hakuna aliyetoka kutuaga. Jioni ya kwanza nilirudi kazini nimechelewa, nikainama kwenye ndoo kunawa uso. Moshi wa siku nzima ulikuwa bado unaniwasha macho. Binti yangu alisimama akanitazama kwa makini, kama alivyokuwa akilitazama lile beseni.

"Mama," akaniuliza, "ya kwako yameshaanza?"