Mahali Mama Alipokuwa Akirudisha

Dada yangu anatengeneza simu na redio hapa Runazi, kwenye kibanda ambacho upande wa pili wanauza chumvi na sabuni. Ndiye aliyeitengeneza pedali ya gitaa langu: kisanduku cha bati unachokikanyaga, na gitaa linatoa sauti ya kanda iliyochakaa, ile inayoyumba na kufifia. Kwaya yetu nzima ya kanisani iliipenda. Mimi niliipenda kupita kiasi, hata nikawa naifunga kwenye taulo.

Lakini hakuitengeneza kwa ajili yangu, bali kwa ajili ya mama. Baba, alipokuwa mwalimu katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, alijirekodi akipiga wimbo mmoja wa gitaa. Alipofariki, mama aliusikiliza miaka na miaka mpaka kanda ikakatika, na nakala hatukuwa nayo. Wimbo nilikuwa naujua, kwa hiyo nilimpigia kwa ile pedali. Aliendelea kuchambua maharage yake. "Mmefanya vizuri, wanangu," alisema, kama anavyowaambia wageni. Dada aliondoka bila kunywa chai.

Kesho yake nilimkuta kibandani ameifungua pedali yangu, nyaya zote nje. Nikafoka. Nilimwambia ilikuwa nzima, na kwamba Jumapili nina misa. Hata hakuniangalia. Alikuwa ameutandaza utepe wa ile kanda ya baba mezani, anaupitia kwa kioo cha kukuzia.

"Njoo uone, uache kelele," alisema. "Haukuchakaa wote."

Kweli. Karibu wote ulikuwa laini. Sehemu moja tu, isiyofika urefu wa mkono wangu, ilikuwa imekwanguka na kujikunja, na hapo ndipo ulipokatika. Dada alipima umbali kutoka mwanzo wa utepe, akapiga hesabu ya mwendo wake, kisha akaniambia nipige wimbo huku yeye akiangalia saa ya simu. Aliponisimamisha nilikuwa pale baba anaposhuka kwenye nyuzi nene, kabla ya kurudia kiitikio. Miaka yote ile mama alikuwa akirudisha kanda hapo, asikilize tena. Pedali yetu ilikuwa ikiyumbisha wimbo mzima, si hapo tu. Niliona aibu kwa makelele yangu.

Alifanya kazi siku nne. Safari hii sauti ilikuwa safi mpaka ukanyage kitufe cha pili: hapo inazama, inalegea, halafu inapanda taratibu. Mimi humtania dada yangu kila siku, lakini sijaona fundi wa kumfikia.

Jumamosi tulikwenda kwa mama. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akarudi kwenye ungo wake. Nilipofika kwenye nyuzi nene nikakanyaga. Mikono yake ikasimama. Kisha mkono mmoja ukanyooka kuelekea kwenye rafu, pale ilipokuwa redio ya kaseti zamani, vidole vikitafuta kitufe.

"Rudisha hapo," alisema.

Nilirudisha mpaka mguu ukaniuma. Maharage tuliyala kesho yake.