Mawese Yaliyoganda Kwenye Tangi

Watu wa mabondeni hawaamini kwamba Kolwezi kuna baridi. Waje mwezi wa sita, kabla jua halijatoka, waone watu wazima wanavyopumua moshi kama vyungu. Wakati huo nilikuwa nauza mafuta ya mawese sokoni, na kila msimu wa baridi yaliganda ndani ya chupa. Wateja walizitikisa, kisha wakanitazama kana kwamba nimewauzia sabuni. Mwishowe niliacha chupa nikawa nachota kwa kijiko kutoka kwenye beseni.

Mume wangu alikuwa dereva mgodini. Mgodi uliposimama alijipatia lori kuukuu, kisha dizeli, mazutu kama tunavyoiita, ikaadimika mjini. Basi akaanza kuichanganya na mawese yangu. Miezi ya joto lori lilikwenda bila taabu. Moshi wake ulinukia maandazi, na mbwa walikuwa wakitufuata mpaka barabara kuu.

"Mazutu inaisha," alikuwa akijigamba, "lakini michikichi haiishi!"

Mwaka huo ndipo watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walipoanza kuambiwa warudi kwao. Jirani yetu wa ukutani alikuwa mmoja wao, fundi mitambo aliyezaliwa papa hapa Kolwezi. Huko "kwao" alikuwa amekuona kwenye ramani tu. Mkewe alikuwa mkunga, naye ndiye aliyenizalisha mara tatu. Siku mawe yalipoanza kuanguka juu ya bati lao, mume wangu alivuka ua.

"Mukubwa," akamwambia fundi, "kituo ya hapa imejaa watu. Kesho mi nabapeleka Lubudi, treni ya Kasai inapita kule."

Tukakubaliana kuondoka alfajiri. Waliokuwa wakifukuza wenzao nao walisikia baridi kama sisi, hawakutoka vitandani mpaka jua lipande. Hesabu yetu ilikuwa nzuri, ila hakuna aliyeliuliza lori.

Alfajiri magodoro yalikuwa yamekwisha kupakiwa, na cherehani, na kuku wanne waliofungwa miguu. Fundi alikaa juu kabisa, na koti lake la Jumapili na kofia. Mume wangu akawasha. Lori likakohoa mara mbili, likanyamaza. Akawasha tena. Kimya. Akalaumu betri, akalaumu magodoro kwa uzito.

"Umeweka nini kwenye tangi?" nikamuuliza.

"Mafuta."

"Mafuta gani?"

Akawatazama kuku.

Nilichukua kijiti nikakichovya ndani ya tangi. Kilitoka kimevaa koti nene la rangi ya machungwa. "Baba," nikasema, "kamyo yako haina ugonjwa. Mafuta imelala."

Fundi akashuka, akafungua chujio la mafuta. Lilikuwa limejaa kitu kama siagi ya kupaka mkate. Akacheka, na wiki nzima sikuwa nimemsikia akicheka.

"Mudogo wangu," akamwambia mume wangu, "mazutu inavumilia baridi ya hapa. Mawese haivumilie. Ukizichanganya, yenye kuganda inazibia mwenzake njia."

Mkunga alikuwa ameshakunja mikono ya triko lake la baridi. "Maji ya moto na uvumilivu," akasema. "Hiyo ni kazi yangu."

Tukawasha mbabula, jiko letu la makaa, mbali na lori, tukachemsha maji sufuria baada ya sufuria. Tulifunga matambara ya moto kwenye chujio na kwenye mipira ya mafuta, na yalipopoa tukayabadilisha. Fundi naye alichomoa kutoka mizigo yake bomba jembamba la shaba lililokunjwa kama nyoka. Akalizungusha kwenye bidoni, dumu la mawese alilolifunga karibu na injini, akaliunganisha na maji ya radieta, ili joto la injini liyayeyushe mafuta njiani.

"Sasa nipe mazutu yenyewe, haina mchanganyiko," akasema.

Mume wangu akaapa hana. Nikamtazama. Akaingia ndani, akarudi na chupa tatu ambazo mimi sikuwahi kuambiwa zipo.

"Unaanza na mazutu," fundi akamfundisha. "Injini ikipata moto, unaingia kwenye mawese. Na mbele ya kuzima unarudilia mazutu, mafuta isilale ndani ya mipira."

Wakati huo jua lilikuwa limefika juu ya mabati. Wanaume watatu wakatokea kwenye kona, mmoja ameshika jiwe. Sisi sote tukasimama. Mkunga peke yake ndiye aliyeendelea kukamua tambara lake.

"Tata," akamwambia yule wa jiwe, "mutoto anaendelea namna gani?"

Yule mtu akatazama chini. Mtoto huyo alizaliwa mikononi mwa mkunga, miezi michache nyuma. "Anaendelea, mama."

"Asante Mungu. Betri imechoka. Musukume."

Akaliweka jiwe chini, taratibu, kama yai. Wakasukuma wote watatu. Mpaka leo sijui kama walisukuma kwa heshima au kwa haraka ya kutaka jirani zetu waondoke. Lori likakohoa, likashika, likatufunika moshi.

Tulifika Lubudi jioni, na fundi alikuwa ameshuka kukagua chujio kila tuliposimama. Kituoni familia zilikuwa zimelala chini kando ya reli, zikingoja treni ambayo hakuna aliyejua siku yake. Fundi alimlazimisha mume wangu kufungua lile bomba na kulifunga tena mara mbili, kisha akamwachia.

Mkunga alinivuta kando. Alinipapasa tumbo, maana nilikuwa na mimba ya nne na sikuwa nimemwambia mtu.

"Huyu atakuja na mvua," akasema. "Umufunike vizuri."

Miezi mingi ilipita kabla msafirishaji mmoja hajatuletea habari kwamba walifika wote, na kwamba fundi anatengeneza mashine za kukamulia mawese. Mume wangu alicheka hadi akakaa chini, kisha akatoka nje akakaa huko muda mrefu.

Mimi nilijifungua msimu wa mvua uliofuata, mikononi mwa mkunga mwingine, mwanamke mzuri tu. Lakini uchungu ulipozidi nilimwita yule wa kwanza kwa sauti kubwa, tena na tena, mpaka huyu wa pili akaninunia.